Kuku ya Kibira na Musumari Yangu

Baba yangu alikuwa anajua muntu kwa miguu yake. Sisemi kwa kuiangalia, juu wakati ule macho yake yalikuwa yameshakwisha. Mu vita ya wazungu walimupeleka mu pori ya Walikale kutafuta mpira, ule utomvu wa kamba za pori, na kule walikuwa wanaukausha ku moshi. Moshi ikamula macho pole pole. Yeye njo alisema ni moshi, mimi sijui. Alirudia nyumbani akiona watu kama vivuli, halafu hata vivuli vikapotea.

Basi akawa anakaa karibu na mulango wa nyuma, na njia ya kushuka ku soko ilikuwa inapita nyuma ya nyumba yetu. Hakuna muntu aliyepita bila baba kumutaja.

"Nani huyo anakuya?" anajiuliza, halafu anajijibu mwenyewe. "Ni Veronika. Anavuta kisigino kama anakokota mbuzi."

Mama anachungulia, njo Veronika kweli.

"Na huyu ni katekista. Anakanyaga kama muntu anaogopa kuamsha Mungu."

"Papa Petero, batu banakusikia!" mama anamuambia, juu Petero ni mimi, mutoto wao.

"Basikie. Minadanganya?"

Siku moja Veronika alimusikia. Akarudia, akasimama mbele yake, akamuambia: "We kipofu, mbuzi inakusalimia." Baba alicheka mupaka akakohoa, na kutoka siku ile Veronika alikuwa akipita pale anapiga sauti ya mbuzi kwanza, ndipo anaendelea na safari yake. Alikuwa mama wa kuchekesha sana yule. Mungu amuweke.

Mimi pia baba alinifundisha. Alikuwa ananifunga macho na kitambaa cha mama, ananiambia nisikilize. Mwenye muzigo anashusha kisigino. Mwenye njaa anagusa udongo na vidole. Mwenye kutoka kwa muke wa wengine anakanyaga pembeni, ku majani. Alisema muntu anaweza kubadilisha jina, sauti, hata dini, lakini kutembea kwake atakuwa nako mupaka ku kaburi. Hapo alikosea. Alikufa kabla ya mambo ninayotaka kuwaambia, na mara nyingi nashukuru kwamba alitangulia. Kama leo angekuwa pale ku mulango na mimi ninashuka ile njia, angeuliza, "Nani huyo anakuya?" na asingepata jibu.

Ninaandika juu ya mufupa wa nyonga, pale juu kabisa ya paja, pahali muguu unaingia mu mwili. Mama mumoja wa kilima chetu alianguka mu matope, na watoto wake walikuya kuniuliza, "Muzee Petero, weye ulifanyaje ukatembea tena?" Niliwaambia, lakini mimi nikisema naruka ruka, natoka ku muguu naingia ku mbuzi ya Veronika. Wakarudia kwao na kichwa kikiwazunguka. Njo maana nimeona heri niiweke ku karatasi. Shule yangu ilikuwa kidogo sana. Kama kuna pahali maneno yanalala vibaya, muyasimamishe mwenyewe.

Mimi na yaya yangu Bauma, mukubwa wangu wa kuzaliwa, tulikuwa wapasua mbao. Kazi yenyewe iko hivi: gogo munaliweka juu ya miti, muntu mumoja anasimama juu ya gogo, mwengine chini, na musumeno murefu unapanda na kushuka katikati yenu. Wa chini anakula unga wa mbao mu macho. Wa juu anaona milima. Mimi nilikuwa wa juu, kwa sababu nilikuwa mwepesi. Mu ile miaka watu walikuwa wanajenga sana, makanisa, mashule, nyumba za wazungu wa mashamba, na mbao zilikuwa zinatafutwa kila kona ya Masisi.

Ilikuwa wakati wa mvula, watu wako wanapanda maharagi. Gogo lilikuwa na utando wa kijani wa kuteleza. Nakumbuka muguu wangu wa kushoto ulitafuta pa kushika, haukupata. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka sauti, kama muntu amevunja muwa na goti. Nikajiuliza nani anakula muwa hapa.

Bauma alitoka chini ya gogo na uso mweupe kwa unga.

"Petero, acha muchezo. Simama, mvula inakuya."

Nikajiangalia. Muguu ulikuwa umelala upande, vidole vinaangalia inje, kama muguu wa muntu mwengine amelala karibu yangu. Nikauambia urudie. Haukurudia.

Kwetu mifupa ilikuwa kazi ya Mama Kahindo. Simucheki. Mikono na miguu alizofunga yeye ziko zinatembea na kulima hata leo. Dawa yake ilikuwa ya wakubwa wake: akikufunga, anachukua kuku, anaivunja muguu pale pale kama wako, na anaifunga vilevile, na vipande vya mianzi na majani. Kuku inalala mu nyumba yako, inakula chakula yako, na muntu asiiguse. Siku ile inakanyaga, na weye unakanyaga.

Alinifunga toka ku goti mupaka ku tumbo. Bibi yangu Anastazia, mama ya watoto wangu, alikuwa amesimama nyuma yake anaangalia mikono yake.

"Mama, pale hakuna pahali pa kufunga," alisema. "Mufupa uko ndani mu mwili. Ni kama kufunga shingo."

"Mwanangu, ulishafunga wangapi?"

"Sikufunga muntu. Lakini naona. Tumupeleke ku lopitali."

Bauma akasema, "Ku lopitali bataikata. Mama Yohana, unyamaze kwanza."

Yohana ni mutoto wetu wa kwanza. Alinyamaza. Lakini Anastazia akinyamaza, nyumba yote ilikuwa inasikia.

Nililala vile mvula yote. Maharagi yakaota, yakachanua, yakakauka, na mimi niko ninaangalia kuku na kuku inaniangalia. Mutanicheka, lakini ilikuwa kama ndugu yangu. Ikikosa kula, na mimi nakosa kula. Ikijaribu kusimama, moyo wangu unapanda mu shingo. Asubuhi moja ilikanyaga. Ikaenda ikichechemea mupaka inje, na jua lilipopanda ilikuwa inakimbizana na zingine.

Bauma aliita majirani. Walinisimamisha, mumoja huku, mwengine huku, halafu Bauma akawaambia, "Mumuachilie." Na mimi nilisimama! Naapa nilisimama. Niliona mulima wa ngambo na moshi ya watu wanaochoma mashamba. Kwa kitambo kidogo nilikuwa muzima.

Halafu mu nyonga kitu kikateleza, pole pole, kama mulango wa mbao mubaya ukijifungua wenyewe. Waliponiinua toka chini, ule muguu ulikuwa mufupi kupita mwengine.

Mama Kahindo alikuya, akapitisha vidole vyake ku nyonga. "Kuku haikudanganya," alisema. "Mufupa huu njo umedanganya." Akakusanya mianzi yake.

Anastazia hakungoja muntu amuruhusu. Alienda nyumba kwa nyumba kuita wanaume wa ngobi. Kwetu ngobi njo kitanda cha kamba na miti cha kubebea wagonjwa, na kila nyumba inatoa mabega. Ukikataa kubeba wengine, siku yako utajibeba. Mimi nilikuwa nimeshabeba wengi, na waliponiinua walianza kunichokoza.

"Petero, ulikuwa unakula nini pale kitandani? Hii ni muntu ao ni mufuko wa viazi?"

"Alikula kuku."

"Hapana, kuku njo ilimukula yeye!"

Nilicheka na machozi yanashuka. Kila mara walipobadilisha bega nilisikia ncha ya mufupa ikitafuta njia. Kirolirwe tulipumuzika kwa wafugaji. Mama mumoja mwenye ngombe alitoka na kibuyu cha mashanza, maziwa ya kuganda, akaweka kichwa changu ku mapaja yake kama mutoto na kuninywesha. Hakuuliza mimi ni wa wapi wala ni wa nani. Sikumuona tena, sikujua jina lake. Mukiwa wagonjwa mutaona: watu wakubwa wanakuya na maneno mengi, na muntu mumoja asiyekujua anakuya na kibuyu.

Ile lopitali ya misioni ilikuwa na baraza ndefu, na watu wanangoja pale wamelala ku mikeka. Mu kungoja nilijifunza mwili wangu. Paja lilikuwa limekonda mupaka Anastazia aliweza kulizungusha na vidole vya mikono miwili. Mugongoni chini nilikuwa na kidonda, nyama imeoza kwa kulala, na harufu yake nilikuwa naisikia na kufikiri ni ya jirani. Haja zangu nilifanya mu beseni, na bibi yangu njo alikuwa anaibeba mbele ya watu. Nawaambia wanaume: haya ile haiui. Niliifikiri itaniua.

Enfirmie, muuguzi wa sali, kile chumba kikubwa cha vitanda, aliitwa Zakaria, muntu mufupi na miwani ya kufungwa na uzi.

"Ulianguka lini?"

"Wakati wa kupanda maharagi."

"Na sasa?"

"Tumeshavuna."

Akatoa miwani. "Mulikuwa munangoja nini?"

"Kuku," Anastazia akajibu.

Zakaria hakucheka. "Kila kitanda mu hii sali ilingojea kuku," akasema, na akaandika jina langu.

Waliniwekea kamba ku muguu, na mufuko wa muchanga unaninginia mwisho wa kitanda, uvute muguu urudie ku urefu wake. Halafu radio, ile picha ya mifupa. Munganga muzungu aliishika mbele ya dirisha, na nikajiona ndani. Kichwa cha mufupa kilikuwa kimebaki mu nyumba yake, cha mviringo kama yai, na paja lote lilikuwa limekikimbia, limepanda juu. Akaonyesha na kidole vile ataingiza musumari kutoka pembeni, upite shingo ya mufupa, uingie mu kile kichwa, uvishike vyote viwili.

Mimi nikacheka. Zakaria akauliza sababu.

"Muambie mimi ni wa mbao. Mbao mubichi haishike musumari."

Zakaria akamugeuzia mu Kifaransa. Munganga akaniangalia vizuri, na kutoka hapo aliniheshimia. Akasema neno, na Zakaria akaligeuza: "Anasema uko na haki. Njo maana utalala mupaka ikauke. Ukikanyaga kabla ya radio nyingine kuruhusu, musumari utapasua kichwa cha mufupa, na hapo hakuna fundi tena."

Kitanda cha pembeni kilikuwa cha Kibira. Muntu mukubwa, mabega kama mulango, wa Buleusa, kule Walikale. Alikuya Rubaya kubeba mizigo ya mawe ya machimbo, akateleza na muzigo ku kichwa, mufupa ukavunjika pale pale kama wangu, ila kwake ni muguu wa kuume. Wabebaji wenzake walimuleta mara moja, wakamuachia bulangeti na kuku moja iliyofungwa muguu na mianzi, wakarudia ku kazi. Hakuna muntu aliyekuya kumuona tena. Mu lopitali zetu chakula analeta jamaa, na yeye hakuwa na jamaa, basi Anastazia akawa anapika mu jiko la inje kwa midomo miwili. Kuku ya Kibira ilikuwa kule jikoni, na Anastazia njo aliilisha.

"Mama Yohana," Kibira alikuwa anamuambia kila asubuhi, "kuku yangu usiiangalie na macho ya chungu."

"Chungu yangu iko na adabu kupita weye."

Walitupasua siku moja, yeye kwanza, mimi nyuma. Waliniwekea kitambaa ku pua, harufu tamu ya kutapisha, na Zakaria akaniambia nivute. Nilimuona baba. Alikuwa amekaa ku mulango wake na mimi ninakuya ku njia. Akainua kichwa. "Nani huyo anakuya?" Nikataka kusema, ni mimi, Petero. Kinywa kikajaa unga wa mbao. Akauliza tena. Akauliza kama muntu anayeogopa.

Nilipoamuka nilikuwa na chuma ndani. Mutaniuliza inauma namna gani. Siku za kwanza ni moto. Halafu moto inatoka, na inabaki kitu kingine: unajua hauko peke yako mu mwili.

Bauma alifika kidonda kikiwa hakijafunga. Alipoambiwa nimepasuliwa, akafungua koti. Chini ya koti yake alikuwa na kuku ndogo ya rangi ya udongo, muguu umeshavunjwa na kufungwa. Alitembea nayo njia yote toka kwetu.

"Ile ya kwanza ilivunjwa na haraka," alisema. "Hii nimesimamia mwenyewe. Bibi, uitunze. Itakuambia siku."

Anastazia akaipokea na mikono miwili, vile tunapokea kitu cha mukubwa. "Aksanti, yaya," akasema. Bauma akaenda kulala kwa rafiki yake wa mu misioni.

Kesho yake mangaribi haijafika, Anastazia akaniletea bugali na nyama. Nyama ilikuwa ngumu kupatikana pale. Nikala. Kibira akasukuma bakuli lake bila kugusa. Mimi nikafika ku mufupa, nikauona umepasuka katikati, na kipande cha uzi wa mugomba, wa kufungia mianzi, kimeshikamana. Nikainua macho. Anastazia alikuwa ananiangalia bila kukunja uso.

"Kula yote," alisema.

Muniseme munavyotaka. Nilikula yote. Nilikuwa na njaa, na yeye alisimama pale mupaka nikamaliza.

Bauma aliporudia kuagana, aliuliza kuku iko wapi.

"Nimeipika," Anastazia akasema.

"Umemuua. Umemuua ndugu yangu!"

"Nimeua kuku. Bwana yangu huyu hapa, anapumua."

"Nani atamuambia siku ya kusimama?"

"Ile ya kwanza ilimuambia, na tukamuokota chini. Wewe na mimi tulimuokota, yaya. Mimi sitaki kumuokota tena. Kuku yake ikiwa hapa, siku inakanyaga atasimama kwa kuku, namujua. Hakuna kuku, atalala."

Bauma akanigeukia. "Na weye? Ulikula?"

"Nilikula, yaya."

Alitoka bila kuaga. Ile mvula yote hakukanyaga tena ku lopitali. Na wagonjwa wengine walianza kuongea na mimi polepole, vile munaongea mu nyumba yenye kilio. Kwetu ukiua kuku ya mufupa, umeua mufupa. Walijua. Na mimi nilijua.

"Nilikataa nyama yako juu ya kuheshimia muguu yako," Kibira akaniambia. Hakunicheka siku ile.

Kuanzia hapo njo ugonjwa wangu wa kweli. Maumivu nilikuwa nimeshayazoea. Lakini sikuwa na kitu cha kuangalia. Kibira alikuwa anapata habari za kuku yake kila asubuhi, inakula, inageuka, inainua muguu. Mimi nilikuwa naangalia paa. Nilimuuliza Zakaria, musumari umeshika? Anasema radio itasema. Nilimuuliza Mungu, na yeye pia sikusikia jibu. Nilikuwa nasikiliza nyonga yangu, vile baba alisikiliza njia, na mule ndani kulikuwa kimya kabisa.

Nitawaambia sasa vile ilimalizika kwangu, nisiwachokeshe wenye kuwa kitandani na kungoja jibu. Wakati watu wanapalilia mutama, radio ilisema ndiyo. Walinipa bekiye, zile fimbo za kwapani, na nikatembea ku baraza, Anastazia anarudi kinyumenyume mbele yangu na mikono wazi kama muntu anafundisha mutoto. Muguu ulibaki mufupi. Nilirudia nyumbani na ngobi, na wale wabebaji wakasema sasa niko na uzito wa muntu. Siku kidogo Bauma alisimama ku mulango na kiatu yangu ya kushoto mu mukono. Alikuwa ameikatia chini kipande cha mbao, mbao nzuri ya libuyu, amekipiga randa, amekizungusha vizuri pembeni.

"Vaa," alisema.

Nikavaa. Nikatembea mbele yake, kwenda na kurudia. Hatukuongea habari ya kuku, ile siku wala nyingine yoyote, mupaka alipokufa.

Kwa wenye kuvunjika, neno langu ni hili: muende mapema, na mulale vile wanawaambia kulala. Mugeuzwe mugongo. Mukubali beseni. Mupende mwenye kulibeba. Nimezeeka na ule musumari. Nikilala upande wa kushoto unaniambia mvula iko njiani kabla ya mawingu. Natembea, nalima kidogo, nafika kanisani. Lakini nikitembea nasikia mbao, halafu nyama, mbao, halafu nyama, na kila siku nikipita nyuma ya nyumba ya baba, ambayo ni majani matupu sasa, naharakisha. Sijui naogopa nini. Naogopa atauliza.

Na Kibira. Miaka mingi ku soko nimeuliza watu wanaotoka Buleusa. Wengine walisema hakufika. Mumoja alisema kuna Kibira kule lakini hakuvunjika kamwe, anatembea kama kijana. Mwengine alisema waliona mu pori, ku kivuko, mufupa wa paja na chuma ndani, halafu akasema hapana, alisikia tu kwa watu. Siwezi kuwaambia. Anastazia alikufa bila kusema kama alikuwa na haki kupika ile kuku ao hapana, na mimi sikumuuliza, juu jibu iko mu pori ya Walikale, ao inakula bugali kule na wajukuu.

Nimebakisha asubuhi yake, ile aliyotoka lopitali, kwa mwisho, juu baada yake sina neno.

Ilikuwa kabla sana ya radio yangu ile ya ndiyo. Jua limetoka, mvula imeosha kiwanja, Anastazia ameenda ku maji. Kuku ya Kibira iliingia mu sali kwa mulango mukubwa. Ilikuwa inatembea. Bila mianzi, bila kuchechemea, muguu kwa muguu, ikapita katikati ya vitanda kama munganga anafanya mazunguko, ikasimama ku kitanda chake.

"Umeona?" aliniambia. Uso wake ulikuwa kama wa bwana arusi.

"Kibira, na yangu ilitembea hivyohivyo. Muulize muguu yangu."

"Yako ilivunjwa na haraka, yaya yako alisema."

"Ngoja radio, ndugu yangu."

"Radio iko na mufupa?" Akateremusha miguu. "Kuku iko na mufupa."

Akasimama. Nilifunga macho ningoje ile sauti ya muwa. Haikukuya. Nilipofungua alikuwa amesimama katikati ya sali, murefu kupita nilivyomufikiri, juu sikuwahi kumuona wima. Akachukua bulangeti yake, akaikunja. Bekiye za lopitali zilikuwa zimeegama ku ukuta zikingoja wenye kuruhusiwa, hakuziangalia. Akaokota kuku, akaiweka kwapani.

"Twende, Petero."

"Mimi sina kuku."

"Hii inatosha wawili. Shuka."

Nikatoa bulangeti. Naandika kweli: muguu wangu ule muzima ulikuwa umeshagusa simenti, baridi, na nikasikia mwili wote unataka. Mule ndani ya nyonga kulikuwa kimya vilevile. Sikujua kama ni kimya cha kitu kilichoshika ao cha kitu kilichokufa. Nikaangalia mulango kama Anastazia amefika na maji. Hakuwa amefika. Hakuna aliyenikataza.

Nikarudisha muguu kitandani.

Kibira akairudisha kuku vizuri kwapani. Hakunichokoza. "Basi umusalimie mama wa chungu," alisema, na akatoka.

Nikafunga macho tena, vile baba alinifundisha. Nikamusikia ku simenti ya baraza, halafu ku ngazi, halafu ku changarawe ya kiwanja. Nilitafuta muguu uliovunjika mu zile hatua, ni huu ao ni ule, na sikuupata. Kuume na kushoto vilikuwa sauti moja, sawasawa, kama muntu ambaye hajawahi kuanguka. Zakaria akaita jina lake kutoka chumba cha dawa. Hatua hazikusimama. Zilifika ku mulango wa uzio, pahali changarawe inakwisha na udongo unaanza, na ku udongo mubichi muguu hausikike.